Mume Wangu na Viatu vya Northampton

Posa ya binti yetu ilipokubaliwa, mimi nilianza kuhesabu wageni na mume wangu akaanza kuhesabu viwanda vya viatu.

Tunaishi Northampton, mji wa katikati ya Uingereza ambao timu yake ya mpira ina jina la utani la Washona Viatu, na mashabiki wanalitaja kwa fahari. Jengo letu lenyewe lilikuwa kiwanda cha viatu kabla halijakatwakatwa kuwa nyumba za kupangisha. Madirisha ni makubwa kwa sababu mafundi walihitaji mwanga wa kukatia ngozi. Mwanga huo sasa naulipia mimi kila majira ya baridi kwenye bili ya gesi. Watu wa hapa husimulia kwamba Mfalme John alinunua buti katika mji huu mwaka 1213 kwa peni tisa. Mume wangu ameisema habari hiyo mbele ya kila mgeni aliyewahi kukanyaga kwetu, nami jibu langu ni lilelile: basi nawe kanunue za peni tisa.

Kwa miaka yote aliyofanya kazi kwenye maghala ya mizigo, yeye amekuwa mtu wa buti zenye chuma cha kulinda vidole. Viatu vya heshima alikuwa navyo jozi moja, vyeusi, vya bei ya chini, vya mazishi na harusi, mpaka siku gundi ilipoachia tukiwa makaburini. Soli ya kushoto ikawa inapiga makofi kila hatua, watu wakigeuka kuangalia nani anashangilia. Hapo ndipo alipoapa. Harusi ya mwanawe wa kwanza atasimama ndani ya kiatu kilichoshonwa, na kiwe kimeshonwa mkoa huuhuu anaoulipia kodi ya halmashauri.

Laiti angekwenda dukani wiki ile akanunua, yangeisha. Lakini Baba Watoto ni mtoto wa mwalimu wa hesabu kutoka Tanga. Hanunui kitu kabla hajajua nasaba yake. Kwanza akaokota jozi chakavu kwenye duka la mitumba la shirika la hisani, akaileta nyumbani, akaiweka juu ya meza ya kulia, akaanza kuipasua kwa kisu changu cha samaki. Nilipotoka jikoni kiatu kilikuwa nusu mbili, na yeye ameinama juu yake akichungulia kwa tochi ya simu.

"Njoo uone, Mama Watoto. Siri yote iko hapa."

Nilikuja kuona kisu. Lakini nikiri kwamba kilichokuwa ndani kilinistaajabisha. Kiatu cha namna hii huanza kwa ngozi ya juu kuvutwa na kukazwa kwenye kalibu, lile gogo lenye umbo la mguu. Kisha utepe mwembamba wa ngozi unashonwa kuzunguka ukingo wote, ukishika ngozi ya juu pamoja na soli ya ndani. Uwazi unaobaki katikati unajazwa unga wa gome la mti, lile la kutengenezea vizibo vya chupa. Halafu soli ya nje inashonwa kwenye ule utepe, haigusi ngozi ya juu hata kidogo. Kwa hiyo soli ikilika, fundi anakata uzi, anaitoa, anashona nyingine, na uso wa kiatu haujui kilichotokea. Mashine ya kufanyia kazi hiyo ilitoka Marekani kwenye miaka ya 1870, ikabeba jina la Charles Goodyear, mtoto wa yule Goodyear wa mpira.

"Kwa hiyo kiatu cha Kiingereza ni mashine ya Kimarekani," kijana wetu akasema kutoka kwenye kochi.

Baba yake hakumjibu. Alikuwa ananusa utepe.

Kuanzia hapo sebule ikageuka mahakama, na kila jioni alipandishwa kizimbani mtengenezaji mmoja. Kesi ilianza na Loake wa Kettering, mji jirani, ambako ndugu watatu walifungua karakana mwaka 1880. Huo ndio mlango ambao wengi huingilia, kwa kuwa bei yao haitishi. Mume wangu aliwapenda kwa bei, akawashuku kwa sababu hiyohiyo. Akachimba, akakuta kwamba si kila Loake hushonwa Kettering: za bei ya chini hutengenezwa India, na kampuni hailifichi jambo hilo, zile za safu inayoitwa 1880 ndizo za nyumbani. Nikamuuliza India ina kosa gani, ikiwa ngozi ni ya ndama na mshono ni uleule.

"Nimetoka Tanga," akasema, "nimevuka bahari, nimekuja kuishi mlangoni pa viwanda, halafu ninunue kiatu kilichosafiri kuliko mimi?"

Jioni ya Cheaney ndiyo niliyoifurahia, maana niliacha kukoroga uji nikasikiliza. Hawa wako Desborough tangu 1886, na kwa miongo kadhaa walikuwa mali ya Church's, jumba kubwa la Northampton lililoanzishwa mwaka 1873. Mwaka 1999 Church's ikauzwa kwa Waitalia wa Prada, Cheaney ikaenda nayo. Mwaka 2009 binamu wawili wa ukoo wa Church wakaichukua Cheaney wakatoka nayo. Mambo ya ukoo kuuza nyumba kubwa, kisha watoto kurudi kukomboa chumba cha uani, hayo hayahitaji kufafanuliwa kwa mtu aliyelelewa pwani. Na kwa maoni yangu ndio wanaotoa thamani nzuri kuliko wote: kiatu kizima kinakatwa na kushonwa palepale Desborough, na bei iko chini ya majirani wake wa mjini.

Church's wenyewe walichukua jioni mbili na nusu. Shahidi mkuu wa mume wangu alikuwa Tony Blair, ambaye kila Jumatano alipokwenda kujibu maswali Bungeni alivaa jozi ileile ya Church's, miaka yote ya uwaziri mkuu. Mimi nikasema Blair hakuwa akishusha makontena. Kuna ngozi yao moja maarufu, ambayo uso wake umesuguliwa na kupakwa tabaka la kung'aa; mvua huteleza juu yake na kitambaa kikavu kinatosha kuirudishia uso. Ubaya wake ni kwamba mikunjo ikishaingia haifichiki, kwa kuwa mafuta hayapenyi kwenye tabaka lile. Kwa nchi ya mvua na kwa mwanamume mvivu wa brashi ni mapatano ya haki. Ila bei yao imepanda sana tangu enzi za Blair, na wapo wapenzi wa viatu wanaotafuta zile za zamani, za kabla ya Prada, wakizisifu kupita za leo. Mume wangu alijiunga na kundi hilo bila kuwahi kushika hata moja. Likumbukeni hilo.

Tricker's alipita upesi. Ndiye mkongwe wa wote, tangu 1829, na kiwanda chake kilitumika kupiga picha za filamu ya Kinky Boots iliyotoka mwaka 2005, lakini viatu vyake vinavyojulikana zaidi ni vizito, vya mtu mwenye ng'ombe. John Lobb tulimwahirisha baada ya ugomvi mdogo, kwa sababu kuna Lobb wawili: wa London, karakana ya familia inayomshonea mteja kiatu kwa vipimo vyake, na wa Northampton anayeuza vilivyo tayari, ambaye ni mali ya Hermès ya Ufaransa. Kijana wetu alisema huo ni uke wenza, akafukuzwa sebuleni.

Kwa Edward Green mume wangu alishusha sauti. Jina hili limekuwa Northampton tangu 1890, na katika miaka ya 1980 lilikuwa limezama kwenye madeni hata mtu mmoja, John Hlustik, akalinunua lote kwa pauni moja. Leo jozi moja inavuka pauni elfu. Picha zao ndizo zilizomkosesha usingizi, hasa rangi moja ya kahawia inayoingia giza puani na kisiginoni, kazi ya mkono ya mtu anayepaka tabaka juu ya tabaka.

Mimi nilikuwa na daftari. Niliandika: tuseme kiatu cha gundi ni pauni 60 na kinadumu mwaka mmoja. Kwa miaka 15 ni pauni 900. Tuseme cha kushonwa ni pauni 400, na katika miaka hiyo kinabadilishwa soli mara tatu kwa pauni 150 kila mara. Jumla 850. Mume wangu aliruka kwenye kiti. "Rahisi ni ghali! Si nilisema?" Nikamwambia asubiri, ukurasa haujaisha. Kiatu hiki hakivaliwi siku mbili mfululizo, kinahitaji siku ya kukauka jasho, kwa hiyo ni jozi mbili. Kinahitaji kalibu za mti wa mwerezi za kukaa ndani yake usiku. Kinahitaji mafuta, nta, brashi mbili na pembe ya kuvalia. Akakaa.

Hesabu haikumshinda nguvu, hesabu haijawahi. Lakini tuliafikiana jambo moja ambalo mpaka leo nalishikilia. Ukitoka kwa Loake wa Kettering ukapanda mpaka kwa majirani zetu wa mtaani, Crockett & Jones, pauni unazoongeza unaziona kiatuni: ngozi iliyochaguliwa vizuri haivimbi mikunjo, umbo halijilazi baada ya mwaka. Ukitoka Crockett ukapanda mpaka Edward Green, pauni zako zinakwenda mahali ambapo mguu haufiki. Zinakwenda kwenye kiuno cha soli kilichobanwa kuwa chembamba, kwenye mishono iliyosogezwa karibukaribu, kwenye rangi iliyopakwa kwa mkono. Ni sanaa, sikatai. Lakini kwetu sanaa ya namna hiyo inavuliwa mlangoni, inakaa nje na mwavuli.

Basi hukumu ikawa Crockett & Jones. Hawa ni mashemeji wawili, James Crockett na Charles Jones, walioanza mwaka 1879, na mpaka leo kiwanda kiko mikononi mwa familia, mtaa wa Perry, mwendo wa miguu kutoka kwetu. Mume wangu alitaja kwamba James Bond alivaa viatu vyao katika Skyfall mwaka 2012. Mimi niliguswa zaidi na wale mashemeji. Mashemeji kufanya biashara pamoja, na watoto na wajukuu wakairithi bila nyumba kuvunjika, kwa hilo hata mimi ningetoa pauni kumi za ziada.

Kiwandani wana duka wanakouza jozi zenye kasoro kwa bei iliyopunguzwa. Lakini kabla ya kufika huko alitaka kununua, kwa maneno yake, "cha mazoezi", akapita Kettering akarudi na Loake wa 1880, rangi ya asali. Kisha mtaa wa Perry akapata alichokitaka: kiatu cheusi cha kamba, kilichofungwa mbele, chenye mshono mmoja puani. Namba 8, upana E. Jioni ile familia nzima tulikaa chini ya taa kuitafuta kasoro. Tulipapasa, tukanusa, tukahesabu mishono. Hatukuiona. Mume wangu aliumia kweli. Mtu aliyenunua kasoro anataka kuiona. Kijana akasema kasoro ni bei, akafukuzwa tena.

Kasoro ya kweli haikuwa kiatuni, ilikuwa mguuni. Waingereza hupima urefu kwa namba na upana kwa herufi, na herufi hizo hazilingani kutoka nyumba moja hadi nyingine. Kwa Crockett upana wa kawaida ni E, kwa Church's ni F. Mume wangu alicheza mpira peku kwenye mchanga wa Tanga mpaka alipobalehe, na mguu wake umetanuka ulivyopenda. F haikuwepo katika zile za punguzo. "Ngozi itakubali," akasema, akalipa.

Ili ikubali, alitembea nyumbani kila jioni, kutoka dirishani mpaka jikoni na kurudi, juu ya sakafu ya mbao ya kiwanda cha zamani, akichechemea. Jirani wa chini alipanda akauliza, kwa upole wote wa Kiingereza, kama tumeanza useremala.

Wakati huo mama mkwe akawa amewasili kutoka Tanga. Alikuja na makoti mawili ya kuazima, bizari, kanga za kugawa, na kopo kubwa la dawa ya viatu ya Kiwi, nyeusi, kwa sababu alikuwa amesikia kwamba Uingereza Kiwi imeacha kuuzwa. Ni kweli, wenyewe waliiondoa kwenye soko la hapa. "Nikajua wanangu mtakuwa mnakwenda na viatu vya vumbi," akasema. Marehemu baba mkwe alifundisha shule miaka mingi, na mkewe ndiye aliyempigia viatu dawa kila alfajiri kabla ya chai. Mikono ile haijasahau.

Asubuhi ya pili tulitoka wote kwenda kazini, tukamwacha. Tuliporudi, Loake wa rangi ya asali alikuwa ameketi juu ya gazeti, ameiva. Puani ni usiku wa manane. Ubavuni kahawia iliyoungua. Karibu na kamba asali imebaki kwa mbali, pale kitambaa kilipochoka.

"Nimekuta vimepauka, mwanangu," mama mkwe akasema. "Vilikuwa vinakwenda kwenye weupe kabisa. Nani alivitunza hivi?"

Mume wangu alikaa kwenye ngazi. Mwanamume hawezi kumpandishia mama yake sauti kwa ajili ya kiatu, na mwanamke hawezi kucheka mbele ya mumewe aliyekaa kwenye ngazi, kwa hiyo mimi nilikwenda bafuni. Niliporudi, kijana alikuwa amefungua simu, anamwonyesha bibi yake picha ya Edward Green, ile ya kahawia inayoingia giza puani.

Mama mkwe akavaa miwani. Akaangalia picha, akaangalia gazeti.

"Si ndiyo hii niliyofanya mimi? Wao wanatoza ngapi?"

Alipoambiwa, alikaa kimya kwa muda mrefu, kisha akauliza kama pale kiwandani wanaajiri wazee.

Nikaha ilifungwa baada ya sala ya alasiri, Jumamosi, mvua ikinyesha. Wanaume walijaa chini, sisi juu. Mume wangu aliingia msikitini amenyooka, kiatu kinang'aa hata wapita njia walikiona. Lakini msikitini hakuna mtu anayeingia na kiatu. Akavua, akakiweka kwenye rafu katikati ya viatu vya watu mia mbili, nusu yao vyeusi na vya kamba kwa sababu ya harusi. Miezi ya kesi, na saa kubwa kuliko zote alikaa na soksi.

Wakati wa kutoka palikuwa na msukumano, watoto, miavuli, magari yamezuia njia, na mkwe mwenzetu, baba wa bwana harusi, anakumbatiwa na kila mtu. Huyu mkwe ni mtu wa Mombasa, ameishi Leicester tangu ujana wake, mhasibu mstaafu, salamu ndefu na maneno machache. Tukaenda ukumbini, tukala biriani, tukapiga picha, binti akaondoka na watu wake, nikalia nilivyotakiwa kulia.

Usiku, nyumbani, mume wangu alikaa kwenye kochi akanyoosha miguu yake mbele ya mama yake, kijana, wifi yangu na watoto wa wifi, akatoa hotuba.

"Leo nimesimama saa sita. Mmeniona nikichechemea? Hamkuniona. Niliwaambia ngozi itakubali. Lile gome la ndani limeshika umbo la mguu wangu. Hii ndiyo tofauti ya kiatu cha kweli: kinakusoma, kinakujua, na kikishakujua hakimkubali mtu mwingine." Akavivua taratibu, akanikabidhi nikavitie kalibu.

Kalibu zilipwaya. Nikageuza kiatu kwenye mwanga. Ndani ya Crockett mafundi huandika kwa mkono, kwa wino, namba na upana na kalibu. Ndani ya hiki hapakuwa na mwandiko ninaoujua. Nikaangalia chini ya kisigino cha mguu, kwenye lebo iliyolika, majina ya miji yamefutika nusu. Jina la juu lilikuwa bado linasomeka.

"Baba Watoto," nikasema, "umeingia msikitini na Crockett, umetoka na Church's."

Hakuna aliyecheka kwa muda unaotosha kumeza mate. Halafu mama mkwe akaanza, na ikawa hatari.

Mwenye navyo tulimjua siku ya tatu, binti alipopiga simu kutoka Leicester. Akasema kwa sauti ya chini kwamba baba mkwe wake amekuwa akilalamika viatu vyake vya miaka mingi vimeanza kumbana ghafla, anafikiri ni uzee, amepanga kwenda kupima sukari. "Lakini Mama, tafadhali, msiseme kitu. Mimi ndio kwanza nimeingia." Alikuwa na haki. Utaanzaje? Unampigia mkwe, unamwamkia, unauliza hali ya nyumba, halafu unamwambia umevaa viatu vyangu? Naye akijibu na wewe umevaa vya nani?

Kwa hiyo kukawa kimya, na kimya kile kilimfaa mume wangu kuliko alivyokubali kusema. Viatu vya mkwe vilikuwa vipana zaidi. Vilikuwa vya zamani, vya enzi ile ile aliyokuwa akiisifu bila kuigusa, ngozi imeshalainika, mikunjo imeshatulia. Akavivaa Ijumaa. Akavivaa kwenye kisomo. Crockett hakutajwa tena nyumbani kwetu. Loake wa Kiwi alimwendea kijana, ambaye siku moja alinyeshewa naye, akamkausha juu ya hita mpaka soli ya ngozi ikapasuka. Hilo nalo halina mengi ya kusimulia.

Kisha masika ya hapa yakaingia, na soksi ya mume wangu ikarudi imelowa. Soli ya mkwe ilikuwa imetoboka chini ya kidole gumba. Mtu mwingine angenyamaza avizungushe mpaka vife, lakini huyu alikuwa amekaa jioni nyingi akihubiri kiatu kinachofufuka. Akavipeleka vikatengenezwe na kiwanda chenyewe, kazi kamili: wanatoa soli na kisigino, wanarudisha kiatu kwenye kalibu yake ya asili, wanajaza gome jipya, wanashona upya, wanapiga rangi na nta. Ilichukua wiki kadhaa. Fedha yake niliiandika kwenye daftari kwa wino mwekundu, maana haikuwa mbali na bei ya jozi mpya ya punguzo.

Vikarudi. Sitasema uongo, vilikuwa vizuri. Ile ngozi ya zamani juu ya soli mpya, ukingo mweusi umenyooka, kisigino hakina mkwaruzo. Mama mkwe, ambaye alikuwa ameongezewa muda wa kukaa, aliviangalia akasema hata yeye hana cha kuongeza.

Mjukuu alipozaliwa tulialikwa Leicester kwenye akika. Nilimwomba mume wangu avae buti za kazi, avae makubadhi, avae chochote. Akasema mkwe hatambui, mkwe ni mtu wa hesabu, haangalii miguu. Tukafika, tukavua mlangoni, tukaingia, tukakaa.

Mkwe alitoka kwenda kupokea wageni wengine. Akachelewa. Aliporudi alikuwa ameshika viatu mkononi, viwili, kwa vidole viwili, akavipindua, akapitisha kidole gumba juu ya soli mpya kuanzia puani mpaka kisiginoni.

"Mkwe," akasema, "habari za Northampton?"

"Nzuri, mkwe, alhamdulillahi."

"Na kazi?"

"Twashukuru."

"Na Bi Mkubwa, afya yake?"

"Huyo hapo, hajambo."

"Alhamdulillahi. Mkwe, mimi naona kama siku ile ya nikaha, kwa ile mvua, tulichanganya viatu."

"Ah! Kweli?" akasema mume wangu, na sauti yake sikuijua.

"Naona hivyo. Hivi ni vyangu. Nimevinunua Northampton mwenyewe, kijana wangu alikuwa hajazaliwa." Akaviweka kabatini, akafunga mlango wa kabati, akageuka kwenye kona ya viatu vya nyumbani, vile vya kutolea taka na kufulia gari. Akatoa jozi nyeusi, ya kamba, kamba hazina. Visigino vilikuwa vimekanyagwa vikalala chapa, ngozi ya nyuma imejikunja ndani, mtu angeweza kuviingia mikono ikiwa mfukoni.

"Vyako vilikuwa vikibana mno," mkwe akasema, akimkabidhi kwa mikono miwili. "Nimekulegezea."

Tulikula, tukaomba dua, tukampa mtoto zawadi yake. Njiani kurudi, kwenye M1, mama mkwe nyuma akiwa na jozi ile mapajani, anajaribu kuinua visigino kwa mpini wa kijiko alichoazima kwa binti yetu, nilimuuliza mume wangu risiti ya kiwandani aliiweka wapi, nataka kuibandika kwenye daftari.

Aliendesha mpaka tukapita lori mbili.

"Imo ndani ya kiatu," akasema. "Cha kulia. Niliikunja nikaiweka puani, isipotee."